Tupeane uzoefu: zana za darasa la awali zinazomfaa kila mtoto

Mwl Awali
Shikamooni wakubwa, na walimu wenzangu habari za kazi. Uzi huu ni wa zana za darasa la awali na la kwanza, pale ambapo kwenye mkeka mmoja yupo mwenye uoni hafifu, yupo kiziwi, yupo mwenye mkono usio na nguvu, na yupo anayejua lugha ya kwao tu. Tuandike kifaa, vipimo na kinapoharibikia. Msimamo wangu: zana ichaguliwe kwa jinsi mtoto atakavyoishika, urembo wa ukutani baadaye.

Naanza na kadi za silabi. Robo ya karatasi ya A4, herufi ndogo zenye kimo cha sentimita 7 hivi, makapeni nyeusi nene juu ya manila nyeupe au ya njano. Wengi huzifunika kwa selotepu pana ili zidumu. Mwanga wa dirisha ukipiga, mtoto mwenye ualbino au uoni hafifu anaona mng'ao tu. Afadhali ugandishe manila kwenye boksi gumu, na zikichakaa uandike nyingine. Kisha kata kona ya juu kulia kwenye kila kadi. Bila alama hiyo kadi hugeuzwa juu chini, *n* ikasomwa *u*, *d* ikasomwa *p*.

Nukta Sita
Kwa asiyeona, anayejifunza nukta nundu (Braille, maandishi ya kupapasa kwa vidole), chukua trei ya mayai 30. Ikate upate vipande vitano vya matundu sita, kila kimoja kisimame na matundu matatu kwenda chini, mawili kwenda upande. Kushoto ni nukta 1, 2, 3 kutoka juu. Kulia 4, 5, 6. Finyanga tufe za udongo zinazokaa vizuri tunduni, kila tufe ni nukta moja. Irabu ni hizi: *a* ni 1, *e* ni 1 na 5, *i* ni 2 na 4, *o* ni 1, 3, 5, *u* ni 1, 3, 6.

Shida iko kwa *e* na *i*, kwa sababu moja ni nyingine iliyogeuzwa kushoto kulia, kama kwenye kioo. Usizifundishe siku moja. Na usiharakishe kumpa kibao na kalamu ya nukta nundu: kule anaandika kutoka kulia kwenda kushoto, maana nundu hutokea upande wa pili wa karatasi. Asiyeshika *e* vizuri kwenye trei ataiandika *i* daima. Wanaoona nao watumie trei hizo hizo kuhesabu hadi sita, ili mwenzao asiwe na kifaa cha peke yake.

Fundi Zana
Mkono dhaifu: kata kipande cha ndala kuukuu, sentimita 3, toboa katikati, pitisha penseli. Chini ya daftari weka kipande cha tyubu ya baiskeli, halitateleza. Krayoni zivunje vipande vifupi. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, kinamlazimu mtoto kutumia ncha za vidole.

Mwalimu wa Pwani
Unga wa kufinyanga: unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, mafuta vijiko 2, maji kidogo kidogo hadi uache kunata. Chumvi huzuia ukungu, lakini kwa unyevu wa huku kwetu huvuta maji, kesho yake unga unanata tena. Ongeza ngano, funga kwenye kopo. Mwenye kidonda mkononi mpe udongo mfinyanzi, chumvi itamchoma.

Mama KKK
Kwa kiziwi: onesha kitu, kiweke chini, ndipo utoe ishara. Hawezi kutazama kitu na mikono yako kwa pamoja. Picha iwe na kitu kimoja. Picha ya soko zima haifundishi neno. Kwa watoto wa wafugaji, ng'ombe na kibuyu vitangulie, meli ije baadaye. Kitu halisi, kisha picha, kisha neno. Mpangilio huo unamsaidia pia anayejifunza Kiswahili.

Mwl Awali
Asante Mama KKK. Tahadhari kwenye kuhesabu: maharage yakiingia puani huvimba kwa unyevu, na kuyatoa ni mpaka hospitali. Yafungieni kwenye chupa yawe kayamba. Vizibo vya soda vigongwe kingo zote kwa nyundo. Vijiti vina usalama zaidi, ila vikatwe urefu sawa na ncha zisuguliwe kwa msasa. Fungeni kumi kumi kwa pete za tyubu, na mtoto mwenyewe ndiye afungue fungu anapohitaji mamoja.