Naomba ushauri: kafyu ya 2020 na ibara ya 58 ya Katiba

Wanajamvi, hasa mawakili, naomba mnisaidie. Naandaa hoja za mdahalo kuhusu mipaka ya mamlaka ya serikali ya Kenya wakati wa janga.

Ibara ya 58 imeweka breki kali: tangazo la hali ya hatari halizidi siku 14, na Bunge la Taifa likitaka kuliongeza mara ya kwanza lazima thuluthi mbili ya wabunge waunge mkono. Lakini kafyu ya korona (amri ya kutotoka nje usiku) iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 haikupitia huko. Ilitangazwa chini ya sheria ya kawaida ya utulivu wa umma, ikadumu hadi Oktoba 2021! Mahakama Kuu iliikubali, ingawa ilisema nguvu kupita kiasi za polisi zilivunja Katiba.

Hapo ndipo ninapokwama. Ibara ya 24 inadai kizuizi cha haki kiwe cha kadiri, yaani kisizidi kinachohitajika. Je, inatosha kumlinda raia bila kura ya Bunge? Binafsi naona haitoshi, maana mtu aliyepigwa virungu njiani hupata hukumu baadaye sana. Nijengeje hoja hii, na upande wa pili watanijibu vipi?