Gundi za joto za kuziba nyaya: pakiti inaahidi kuzuia maji na mafuta, lakini joto linalotakiwa limefichwa

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Pakiti niliyonunua imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba gundi iliyomo ni ya sehemu mbili, kwamba huamshwa na joto, na kwamba ikishashika haipitishi maji, mafuta wala dizeli. Nimeigeuza kila upande, nikakunjua na karatasi iliyokuwa ndani, na sikukuta mahali palipoandikwa gundi hiyo ifikishwe nyuzijoto ngapi na ishikiliwe hapo kwa dakika ngapi. Kuna mchoro wa mrija (ule wa plastiki unaosinyaa na kubana waya ukipata joto), mishale mitatu ya moto na alama ya tiki, basi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya lori. Nyaya saba za sensa zinatoka ndani ya giaboksi, mahali zinapooga mafuta ya moto mchana kutwa, na kwenda mpaka kwenye kontroli boksi, umbali wa karibu mita tatu. Wengi hudhani mafuta husafiri juu ya ganda la waya, wakati njia yake halisi ni ndani ya ganda, katikati ya nyuzi za shaba, kwa namna ileile mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Tena boksi lililofungwa vizuri huyavuta lenyewe: likipata joto, hewa iliyomo hutanuka na kutoka kupitia humohumo kwenye nyuzi, na injini ikizimwa na boksi kupoa, kinachonyonywa kurudi si hewa tena bali ni mafuta. Ndiyo maana kuzungushia ganda gundi kwa nje hakusaidii kitu, na ndiyo maana zikabuniwa gundi hizi ambazo resini na kigumishi chake hukaa mbalimbali zikiwa baridi, kisha joto likaziyeyusha, zikachanganyika, zikapenya kati ya nyuzi na kugandia humo moja kwa moja.

Nilifuata hatua zote ninazozijua. Nilichubua ganda la kila waya kiasi cha sentimita mbili, nikasafisha shaba kwa spiriti na kulikwaruza ganda pande zote mbili kwa msasa, nikazitawanya nyuzi kidogo ili gundi iweze kuingia, nikaweka kipande cha gundi, nikavisha mrija wake na kupuliza hewa ya moto mpaka mrija ukabana na gundi ikachungulia kwenye miisho yote miwili. Kila fundi amefundishwa kwamba gundi ikichungulia, kazi imekwisha. Mega ya volti 500, yaani kifaa cha kupima kama umeme unavuja kupitia kinga ya waya, ilinipa usomaji mzuri kuliko kiwango cha megaohmu 1 ambacho kwa kawaida ndicho cha chini kabisa kukubalika, nami nikaikabidhi gari.

Baada ya miezi minne lori lilirudi likiwa linagoma kubadili gia. Nilipochomoa plagi ya kontroli boksi, mafuta mekundu yalinidondokea mkononi, na nyaya zote kwa nje zilikuwa kavu kabisa. Boksi halifai tena.

Nilikipasua kiungo kimoja kwa wembe, kwa urefu wake. Ndani nilikuta mistari miwili imelala sambamba, mmoja mweupe kama maziwa na mwingine wa rangi ya kaharabu, na ni ukingoni tu, chini ya mrija, ambako rangi hizo zilikuwa zimeingiliana. Nilipobonyeza kwa ukucha, ukucha ulizama na alama yake ikabaki. Nyuzi za katikati ziling'aa kwa mafuta, wala gundi haikuwa imezigusa.

Nilichukua vipande vilivyobaki nikavijaribu upya, safari hii nikiwa nimepenyeza waya wa kipimajoto katikati ya gundi. Mrija ulibana wote, gundi ikachungulia vizuri kabisa, na kipimajoto kilikuwa bado kinasoma nyuzijoto 115. Kipande cha pili nilikishikilia kwenye nyuzijoto 150 kwa dakika kumi. Kilitoka na rangi moja, kigumu, nyuzi zimezama ndani ya gundi mpaka ya mwisho, na hata nilipokipasha tena hakikuyeyuka. Nataka hili lieleweke, maana ndilo linaloniuma zaidi: bidhaa inafanya kazi. Mirija mingi ya kawaida humaliza kusinyaa ifikapo karibu nyuzijoto 120, ilhali gundi nyingi za epoksi zinazosubiri joto huhitaji kati ya 120 na 180 kwa dakika kadhaa. Aliyeitengeneza analijua pengo hilo, kwa kuwa ndiye aliyeichagua mirija na ndiye aliyeichagua gundi, kisha akatuachia mchoro wenye tiki.

Nilipomwandikia muuzaji, jibu lilikuwa kwamba fundi hakupasha vya kutosha. Nikauliza vya kutosha ni nyuzijoto ngapi. Baada ya wiki mbili nikajibiwa kwamba taarifa hizo hutolewa kwa wateja wa viwandani tu. Yaani mwenye tanuri na mashine za kupima ndiye anayeambiwa, na anayelala chini ya gari akiwa na kipulizio mkononi aachwe akisie!

Tena hilo si dogo, kwa sababu pakiti inasema gundi inafaa kwa nyaya zote. Ganda la PVC lililo kwenye nyaya nyingi limekadiriwa kwa nyuzijoto 70, na zile bora za magari 105. Ukilishikilia kwenye 150 kwa dakika kumi hulainika na kutepeta, na pengine utakuwa umeharibu waya kwa kuokoa kiungo. Mtu anahitaji kulijua hilo kabla ya kununua. Nayo alama ya IP67 waliyoichapa pembeni inahusu kuzama kwenye maji, kina cha mita 1 kwa dakika 30. Haisemi lolote kuhusu mafuta ya giaboksi yenye moto, wala haisemi kuhusu miezi minne.

Mega nayo isimdanganye mtu. Resini ambayo haijashika huzuia umeme, na mafuta yenyewe huzuia umeme, hivyo kipimo kitapita siku ya kwanza na kitaendelea kupita hata mafuta yakiwa njiani. Sasa mimi napima kwa hewa: naunganisha mwisho mmoja wa waya na hewa ya shinikizo dogo, wa pili nautumbukiza kwenye glasi ya maji. Kiungo cha kwanza, kile cha nyuzijoto 115, kilitoa viputo mfululizo. Kile cha 150 hakikutoa hata kimoja.

Ninachodai ni mistari minne kwenye pakiti: joto la gundi yenyewe, si la mrija wala la kipulizio, muda wa kulishikilia, aina za ganda zinazolihimili, na vimiminika ilivyojaribiwa navyo, vikitajwa kwa majina na kwa joto lake. Aliyewahi kupasua kiungo cha gundi za namna hii naomba aweke hapa alichokikuta ndani, pamoja na joto alilotumia.