Ukoo Wetu: Jumapili ya Pangani

Dada Mkubwa: Assalaam alaykum ukoo. Jumapili nawaleta watoto Pangani, hawajauona mji wa wazee wao. Babu, shikamoo. Tuanzie wapi? Wanalitaja sana lile boma la Wajerumani.

Babu: Waalaykum salaam, marahaba mama. Boma si la Wajerumani, walilikuta. Mwaka unaotajwa ni 1810, enzi za Waarabu wa Omani. Wajerumani waliingia wakalifanya ofisi, Waingereza nao wakarithi. Wafundishe hivyo wanao.

Shangazi: Na ile milango waiangalie kwa karibu, wapitishe vidole kwenye nakshi. Sisi tukiwa wadogo tuliambiwa chini ya nguzo za boma wamezikwa watumwa wazimawazima. Mimi usiku nilikuwa sipiti pale hata kwa kutumwa.

Babu: Hayo ya nguzo ni masimulizi ya mji. Lakini watumwa walikuwepo. Mashamba ya miwa yalipanda na mto huu, sukari ya Pangani ikisafirishwa ng'ambo, na waliokata na kukamua miwa ni wao.

Kaka Mdogo: Babu, waelezee ya Abushiri. Shuleni sisi tulikariri jina na mwaka basi.

Babu: Ngoja nivae miwani.

Babu: Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja alitia saini mkataba, pwani yetu ikawa mkononi mwa kampuni ya Wajerumani. Agosti wakaja kupandisha bendera yao hapa. Mkubwa wao akiitwa Zelewski, watu wakambandika jina Nyundo. Zilikuwa siku za Idi ya kuchinja. Yasimuliwa aliingia msikitini na mbwa wake. Mbwa, msikitini, siku ya Idi! Mji ukachafuka. Abushiri bin Salim al-Harthi alikuwa na shamba lake la miwa papa hapa, akashika uongozi, na moto ukafika hadi Bagamoyo. Wajerumani wakamleta ofisa wao Wissmann na askari wa kukodi kutoka Sudani na Msumbiji. Julai 1889 wakaurudisha mji. Abushiri wakamkamata, wakamnyonga Pangani hapa hapa, tarehe 15 Desemba 1889.

Dada Mkubwa: Innalillahi. Na huyo Nyundo je?

Babu: Wahehe walimmaliza Lugalo, kule Iringa, Agosti 1891. Miaka 3 tu tangu alipotutia uchungu hapa.

Kaka Mdogo: Hilo sikulijua kabisa! Nyundo wa Pangani ndiye yule yule wa Lugalo?

Babu: Ndiye.

Mjomba: Jamani naona mnausahau mkonge. Mimi nilikulia kambini, marehemu baba alikuwa manamba, kibarua wa mkataba shambani, basi hili lazima watoto walisikie. Mkonge wa nchi hii ulianzia Kikogwe, hapo hapo Pangani. Mwaka 1893 mtaalamu Mjerumani, Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida kwa sababu Meksiko ilikataza mbegu yake isitoke. Njiani vikafa, vilivyopona ni 62. Sitini na viwili! Hivyo ndivyo vilivyozaa mashamba yote mnayoyaona mkienda Muheza na Korogwe. Mwaka 1964 nchi ilitoa katani zaidi ya tani 200,000, hakuna aliyetupita duniani.

Shangazi: Mjomba, mama alikuwa akinionyesha kovu la mwiba wa mkonge shavuni.

Mjomba: Nani hana? Jani lina ncha kama sindano, ukiinama kukata lile la chini la juu linakusubiri jichoni. Ukifika korona, ile mashine ya kuparia majani, maji ya jani yanawasha mikono mpaka usiku hulali. Wakianika singa, nyuzi za jani, juani zilikuwa nyeupe pe, ukipita mbali ungedhani nguo za sanda. Nikiona kamba ya katani hadi leo namkumbuka baba.

Dada Mkubwa: Mjomba umeniliza. Basi na wewe uje, uwaonyeshe jani lenyewe.

Mjomba: Nakuja in shaa Allah. Nitakata moja nilipare kwa kisu mbele yao, waione singa inavyotoka.

Shangazi: Asubuhi tuvuke kwa pantoni kwenda Bweni kwanza. Ukiwa ng'ambo ndio unauona mji wote umejipanga ukingoni, boma na minazi yake.

Babu: Sawa. Mimi mtanikuta barazani tangu saa mbili. Watoto waje na daftari.