Man United tumepigwa kwenye usajili, na bado kuna watu wanatetea

Wakuu, nawasalimu.

Leo jioni kijiweni Tandika nimebishana na jamaa mpaka kahawa imepoa. Yeye anasema usajili wa United haukuwa na shida, shida ni mfumo. Nimefika nyumbani hasira haijashuka.

Tuanze na winga Antony. Mwaka 2022 klabu ilitoa yuro milioni 95 pale Ajax ya Uholanzi, achilia mbali nyongeza. Kocha wetu wa wakati ule, Ten Hag, alikuwa amemfundisha hukohuko akamtaka, wakubwa wakangoja dirisha la usajili linakaribia kufungwa, Ajax wakataja bei waliyoipenda wao. Mechi zake tatu za kwanza za ligi alifunga zote, na nilishangilia sana. Hesabu ya mwisho: mechi 96, magoli 12. Mwaka 2025 Betis ya Hispania wamemchukua kwa yuro milioni 22 hivi. Mnasema bei si kosa lake. Sawa, mimi namlaumu aliyekubali kutoa hela ile.

Winga mwingine, Sancho, paundi milioni 73 mwaka 2021, akaishia kupelekwa kwa mkopo Dortmund, Chelsea, Villa. Kiungo Casemiro simgusi. Fainali ya Kombe la Ligi 2023 na Newcastle alifunga kwa kichwa, ile pesa tuliiona kazi yake.

Kinachonikaba koo ni kiungo McTominay. Mtoto aliyelelewa klabuni tangu ana miaka mitano, 2024 kauzwa Napoli ya Italia kwa paundi milioni 25 hivi. Na sababu ni hayohayo magarasa! Bei ya mchezaji wa kununua inagawanywa kwa miaka ya mkataba wake, kwa hiyo inakula vitabu vya klabu kila msimu, na ukimuuza kwa bei ya kutupa unaandika hasara. Kijana wa akademi hakununuliwa, hela yote ya kumuuza inasomeka faida. Wakati ule Ligi ya Uingereza ilikuwa na kikomo cha hasara, basi wakauza watoto wa nyumbani kufunika madudu yao.

Matokeo yake? Jumatano ya tarehe 21 Mei 2025, saa nne usiku, nimebanana banda umiza naangalia fainali ya Europa League kule Bilbao. Spurs (Tottenham) 1, sisi 0. Straika wetu Højlund, wa paundi milioni 64, msimu ule kwenye ligi alikuwa na magoli 4. Tukamaliza wa 15. Wa kumi na tano, wakuu! Ijumaa ya wiki hiyohiyo McTominay anapiga tikitaka dhidi ya Cagliari, Napoli wanabeba ubingwa, na yeye anapewa tuzo ya mchezaji bora wa Serie A, ligi ya Italia.

Jamaa akaniuliza, mbona Kombe la FA 2024 mlichukua? Nikamuuliza, nani walifunga siku ile na Man City? Garnacho na Mainoo. Wote miaka 19, wote wametokea akademi. Na Garnacho naye ameshauzwa Chelsea.

Anayetetea aje na hesabu hapa. Kuanzia 2019, ukimtoa Bruno Fernandes na Casemiro, nitajieni mchezaji mmoja wa bei kubwa aliyerudisha hela yake uwanjani. Habari za mfumo msiniletee.