Naombeni ushauri: nyekundu imechuja na kuingia kwenye tanga jeupe la mfarishi wangu

Sindano ya Pwani, Tanga

Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni kwa wakubwa. Naandika haya huku mfarishi wangu ukiwa bado mbichi ndani ya beseni, kwa kuwa nimeogopa kuuanika kabla sijapata neno la mtu anayejua zaidi yangu.

Kwa wasioifahamu kazi hii, mfarishi ninaoushona si wa kutandika kitandani bali ni wa kutundika ukutani kama picha. Una matabaka matatu: juu ni picha iliyoungwa kwa vipande vya kitambaa nilichokitia rangi mwenyewe, katikati ni blanketi jembamba la pamba, na nyuma ni kanga iliyokwisha kufuliwa mara nyingi hata ikalainika, kisha matabaka yote hushonwa pamoja kwa mishono midogo ya mkono, na mishono hiyo ndiyo inayochora mawimbi, upepo na mikunjo ya nguo. Nilianza na batiki za kuuza kama wengi wetu, nikahamia huku baada ya kuona picha za mifarishi ya akina mama wa Gee's Bend, kule Alabama, Marekani, ambao waliunga nguo za kazi zilizochakaa wakapata vitu ambavyo leo vinatundikwa kwenye majumba ya sanaa.

Huu wangu una upana wa sentimita 150 na kimo cha sentimita 110. Umebeba bahari ya bluu saba zinazopishana kidogo kidogo, ngalawa moja yenye tanga jeupe, na jua jekundu nililolishonea juu ya kitambaa cha mbingu. Bluu zote nilizitia kwa rangi ya batiki niliyoizoea, ile ya kuchanganya na kostiki soda na haidrosalfaiti. Nyekundu ya aina hiyo ilikuwa imekwisha kwa muuzaji wangu, kwa hiyo nikanunua vijiko viwili kwenye duka jingine sokoni, nikaichemsha na chumvi kama nilivyoelekezwa, na kwa macho ilishika vizuri sana: si ile damu ya mzee, bali nyekundu ya pilipili iliyoiva.

Jana niliutia majini na sabuni ya unga kidogo ili kuondoa mistari ya chaki niliyoifuata wakati wa kushona. Nikatoka kumjulia hali jirani, na niliporudi baada ya saa nzima maji yalikuwa kama juisi ya rozela. Tanga limekuwa la waridi kuanzia katikati kwenda chini, na hata uzi mweupe wa mishono umenyonya rangi. Mteja amelipa nusu na anautaka baada ya wiki mbili.

Naomba kujua kama rangi hii inatoka, na nilikosea wapi. Nina swali jingine dogo pia: mifarishi yangu ikitundikwa, pande zake hufanya mawimbi na pembe za chini hujikunja kuja mbele, ingawa mezani huwa imetulia.

Mzee wa Ngamiani

Pole sana binti yangu. Bibi zetu walipokuwa na kanga inayochuja waliiloweka kwenye maji ya chumvi na siki usiku kucha, na rangi ikatulia. Fanya hivyo, na lile tanga ulipitishie jiki taratibu kwa kipande cha pamba, litarudi jeupe.

Ndoo Tatu, Morogoro

Dada, usiuanike, na tafadhali usifuate ushauri huo wa juu kabla hujasoma haya. Namwomba mzee wangu aniwie radhi, kwa sababu hapa pana hatari ya mwili mbali na ya kitambaa. Jiki ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na mapafu, na kitambaa kilicholowekwa kwenye siki usiku kucha kisha kikapakwa jiki ni mahali pazuri kabisa pa kuitengeneza gesi hiyo chini ya pua yako. Hata bila siki, jiki haikai pale ulipoiweka. Itatambaa kwenye uzi, itafika kwenye bluu, na pamba iliyoguswa itadhoofika hata ikachanika kwenye mshono miezi michache baadaye.

Chumvi nayo ina kazi yake, lakini kazi hiyo ni kinyume cha unachokitaka leo. Tunapotia rangi, chumvi huisukuma rangi itoke kwenye maji iende kwenye kitambaa, na ndiyo maana tunaitia ndani ya ndoo. Wewe sasa unataka rangi itoke kwenye kitambaa ibaki kwenye maji, kwa hiyo ukiongeza chumvi unaiamuru ile nyekundu irudi kwenye tanga.

Sasa tuangalie ulikokosea. Kitu kilichonishtua katika maelezo yako ni kwamba nyekundu uliichemsha na chumvi peke yake. Naomba ukumbuke: bluu zako zilipotoka kwenye ndoo zilikuwa na rangi nyingine, kisha zikageuka hewani mbele ya macho yako, sivyo? Rangi za aina hiyo haziyeyuki kwenye maji matupu. Haidrosalfaiti na kostiki huzilazimisha ziyeyuke na kuingia ndani ya uzi, kisha hewa huzirudisha katika hali ya kutoyeyuka, zikabaki zimefungiwa humo. Ndiyo sababu hazichuji hata zikifuliwa kwa maji ya moto. Nyekundu yako haikupitia njia hiyo. Nashuku kwamba uliuziwa rangi ya kutia ukili wa mikeka, ambayo hupimwa kwa kijiko na kuchemshwa vivyo hivyo. Kwenye ukili inafaa, lakini kwenye pamba hukaa juu juu tu kama mgeni asiyevua viatu.

Usiniamini kwa maneno. Chukua kipande kilichobaki cha ile nyekundu, kilowanishe, kiweke katikati ya vitambaa viwili vyeupe vya pamba na ukipitishie pasi ya moto hadi kikauke. Chukua pia kipande cha bluu ukifanye vivyo hivyo. Vitambaa vyeupe vitakujibu.

Kama nyekundu itaacha alama, basi kabla ya jambo lolote lifumue jua lote ulitoe, kwa sababu kuosha mfarishi wakati jua hilo lipo ni kupiga deki huku bomba linavuja. Kisha tafuta chombo kikubwa cha plastiki, uchemshe maji, na uyachanganye sawa kwa sawa na maji ya kawaida. Kwa joto la Tanga utapata nyuzi 60 hivi bila kuhitaji kipimajoto. Maji yawe mengi kiasi cha mfarishi kuelea bila kujikunja, na sabuni ya maji iwe kidogo sana. Uzamishe, uugeuze kila baada ya muda, uache kwa saa tatu au nne, na maji yakibadilika rangi uyamwage uanze upya. Wingi wa maji ndio dawa hapa, kwa kuwa rangi iliyotawanyika kwenye maji mengi na ya moto haipati nafasi ya kurudi kwenye kitambaa. Kilichokuponza jana ni beseni dogo, maji ya baridi, na saa nzima bila kuguswa.

Usiukamue kwa kuusokota. Uviringe ndani ya taulo nyeupe, ukandamize, kisha uulaze kivulini juu ya shuka. Usiulaze juu ya mkeka wa rangi. Nadhani sasa unajua kwa nini.

Mzee wa Ngamiani

Nimekuelewa, mwanangu, na nashukuru kwa hilo la gesi, kwani nyumbani kwangu vitu hivyo viwili vinakaa rafu moja. Ila nitetee kidogo bibi zetu: kanga zile baada ya siki na chumvi hazikuchuja tena.

Ndoo Tatu, Morogoro

Hazikuchuja tena kwa sababu maji yale ya kwanza, yawe na siki au yasiwe nayo, yalikuwa yamekwisha kuondoa rangi ya ziada na wanga wa kiwandani. Ningependa tujaribu siku moja, nusu ya kanga kwenye maji matupu na nusu kwenye siki, tuone.

Fundi wa Mapazia, Mombasa

Dadangu, nikuachie hao wa rangi. Mimi nashona mapazia na nitajibu lile la mawimbi. Kwa uzoefu wangu chanzo huwa ni viwili. Cha kwanza ni kwamba katikati ya picha, palipo na ngalawa na jua, unashona mishono iliyobanana, ilhali pembeni unaacha nafasi kubwa. Kila mshono hukivuta kitambaa kidogo, hivyo katikati husinyaa na pande hubaki na ziada isiyo na pa kwenda ila kufanya mawimbi. Shona pembeni kwa ukaribu uleule, au angalau unaokaribiana nao. Cha pili ni ule mkanda wa ukingoni. Ukiuvuta wakati wa kuushona, ukikauka hurudi na kuzivuta pembe zije mbele. Pima urefu wa mfarishi katikati, si ukingoni, ukate mkanda kwa kipimo hicho, na upige bandi kwanza, yaani mishono ya mkono ya kushikiza kwa muda, kabla ya kuupeleka kwenye cherehani.

Kwa huu uliopo, ukishatoka kwenye maji usiuache ukauke ovyo. Ulaze kwenye sakafu safi ukiwa na unyevu, uunyooshe kwa viganja, na upime kutoka pembe hadi pembe kwa pande zote mbili. Mfarishi wa 150 kwa 110 ukinyooka sawasawa, vipimo hivyo viwili vitakuwa sentimita 186 kila kimoja. Kikizidi kimoja, umekaa mshazari. Ubandike pini kuuzunguka na usiuguse hadi ukauke kabisa. Nyuma kwa juu ushonee mfuko wa kitambaa wenye upana wa sentimita 10 wa kupitishia ubao mwembamba, uliolegea kidogo ili unene wa ubao usiusukume uso wa picha, na chini uweke ubao mwingine wa namna hiyo. Pia mwambie mteja asiutundike mahali jua la dirishani linapoufikia, kwa kuwa hata rangi isiyochuja majini hupauka kwa jua.

Sindano ya Pwani, Tanga

Ahsanteni sana nyote. Nimefanya jaribio la pasi. Bluu zote saba hazikuacha hata kivuli, wakati nyekundu imeacha duara zima kwenye kitambaa cha juu na cha chini, hata nikaona aibu peke yangu jikoni. Jua nimeshalifumua. Chini yake kitambaa cha mbingu kina alama ya waridi, lakini jua jipya litaifunika.

Ndoo Tatu, nitapata wapi nyekundu isiyochuja kabla ya wiki mbili kwisha, kama ile ya haidrosalfaiti haijafika?

Ndoo Tatu, Morogoro

Ulizia rangi za baridi za pamba, zile zinazoungana na uzi kwa msaada wa soda ashi. Kwa lugha ya madukani utasikia Procion. Soda ashi utaipata kwa watengeneza sabuni. Usiibadilishe na magadi ya kupikia maharage, kwa kuwa hayo ni mchanganyiko ambao ukali wake hautoshi, ingawa yote ni ndugu: magadi yakichomwa kwa joto kali ndiyo yanayokuwa soda ashi.

Yeyusha gramu 60 hivi kwa lita moja ya maji, uloweke kitambaa kilichokwisha kufuliwa kwa dakika 15, ukikamue, upake rangi, ukiviringe ndani ya plastiki na ukiache hadi kesho yake kikiwa na unyevu. Joto la kwenu linatosha, hakuna haja ya kuchemsha. Kesho yake suuza kwanza kwa maji ya baridi hadi utelezi wa soda uishe, ndipo uende kwenye maji ya moto, mara tatu au nne, hadi maji yawe safi. Watu wengi huishia kwenye maji ya baridi wakidhani wamemaliza, kumbe rangi ambayo haikuungana na uzi inangoja siku ya kufuliwa. Ukimaliza, rudia jaribio la pasi kabla hujakata jua lako.

Vaa glavu, na usitumie sufuria ya aluminiamu kwa soda ashi, wala kwa kostiki kabisa, kwa sababu kostiki huila. Mimi nilitoboa sufuria ya mama mkwe wangu mwaka wa kwanza wa kazi hii na mpaka leo hutajwa kila sikukuu.

Sindano ya Pwani, Tanga

Narudi baada ya siku tisa. Mfarishi ulikaa kwenye pipa la plastiki nililokopa kwa muuza maji, na nilibadilisha maji mara nne. Ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili ya waridi, ya tatu karibu meupe, na ya nne sikuona kitu. Tanga limerudi, si jeupe la dukani bali la rangi ya maziwa, na pamebaki mstari mwembamba wa waridi ndani ya mshono wa chini, mahali ambapo vitambaa viwili vimelaliana. Nimeuacha. Kupima kulitoa 187 na 185, nikauvuta kidogo nikabandika pini upya.

Nyekundu mpya niliipata, nikaiosha hadi mwanangu akaniuliza kama nafua au naadhibu kitambaa. Pasi haikuacha alama. Jua limeshashonewa mahali pake tangu jana usiku, limebaki mkanda wa ukingoni, na sasa hivi napiga bandi.