HIVI BIMA SIKU HIZI WANAKADIRIA KWA KUNUSA?? Nimenuswa leo Mwanza

Wakuu salaam. Nimekaa kwenye gari hapa Makongoro naandika mikono inatetemeka, na hapana, siyo pombe, nimeacha, ndo maana nina hasira hivi.

Nimetoka sasa hivi kwa wale jamaa. Siwataji, mnawajua, wale wa kalenda, kila saluni mji huu ina kalenda yao ukutani. Nimeenda kukata bima kubwa ya Probox yangu, ile inayolipa mpaka gari lako mwenyewe. Dada wa kaunta kaandika namba ya gari kwenye kompyuta, kasoma, kanyamaza, kasoma tena. Halafu akainuka kidogo kwenye kiti, akavuta shingo mpaka juu ya makaratasi yangu, AKANINUSA. Mara mbili! Saa nne asubuhi! Mtu nimetoka kunywa uji wa ulezi! Kaninusa kama anakagua sato wa jana pale Mwaloni, ilibaki tu anifunue mashavu aone kama bado mekundu.

Ndiyo nilikunywa, siyo siri. 2023 usiku natoka Igoma nikaingia na gari kwenye kibanda cha dagaa. Mahakamani nilikiri, faini nikalipa, leseni ikafungiwa, mama wa dagaa nikamlipa kila kitu mpaka ndoo moja ambayo naapa ilipasuka kabla sijafika. Bima wenyewe wakanigomea, mkataba unasema ukiendesha umelewa gari lako utajijua, sawa, nikanyoosha bodi kwa hela yangu na sikufungua uzi. Tangu siku ile hata maji ya tonic naogopa.

Sasa gari la milioni 12, jirani yangu lake la bei hiyohiyo amekatiwa asilimia 3.5, yaani 420,000, weka VAT ya 18 unapata 495,600. Mimi? Asilimia SABA. 991,200! Na ikitokea ajali milioni ya kwanza natoa mwenyewe. Sasa hapo nani anamkatia nani bima? Nikauliza kulikoni, akajibu kwa upole kabisa "kaka hatari yako iko juu" na pua bado imekunjamana. Foleni nzima ikacheka. Kuna mzee alikuja kukata bima ya pikipiki akahama kiti, akaacha nafasi katikati yetu, kama vile ajali inaambukiza.

Ningewaachia, ila gari liko kwenye mkopo wa saccos na wanataka bima kubwa mpaka deni liishe.

Hela nitatafuta. Lakini kunuswa wakuu? KUNUSWA?

DagaaMchele: Uzi wa mwezi huu. Naweka kambi. Swali moja tu mkuu, ulikuwa unanukaje?

Mleta mada: Uji wa ulezi nimesema.

FundiBampa: Ulezi si ndo unapikiwa pombe, dada wa watu yuko sahihi

MamaKulwa_Nyegezi: Pole mdogo wangu, lakini mimi niko upande wa mwenye dagaa. Ndoo ngapi?

Mleta mada: Shikamoo mama. Tatu. Nne ukihesabu ile iliyopasuka.

MamaKulwa_Nyegezi: Marahaba. Nne basi.

MtotoWaKirumba: unateseka nini mkuu, kata bima ndogo 118,000 na VAT yake humohumo, ile haimnusi mtu, bei ni ileile uwe mlevi uwe shemasi. Inamlipa uliyemgonga, la kwako unapeleka gereji

Mleta mada: SACCOS NIMESEMA. Watu hamsomi.

Dalali_wa_Bima: Mimi ni kazi yangu hii, siyo huko kwa kalenda. Kwanza usije ukaficha hiyo kesi kwenye fomu mpya, siku ukidai wakaigundua wanakukatalia kihalali na hela yako wamekula. Pili zunguka kampuni tatu nne, bei ya bima kubwa kwa mtu mwenye historia kila mmoja ana yake, au mpe dalali akuulizie. Ukikaa mwaka bila kudai omba punguzo lako, wengi hawaombi. Na kama wamekudharau, TIRA, wale wasimamizi wa bima wa serikali, wana ofisi ya kanda hapahapa Mwanza, peleka malalamiko kwa maandishi.

Mleta mada: Niandike nini, "Yah: kunuswa"?

DagaaMchele: Ambatanisha na pua

Msukuma_Ughaibuni: Mnalalamika mko peponi. Shemeji yangu yuko Marekani alikamatwa amelewa, kule kuna kitu kinaitwa SR-22, wala siyo bima, ni cheti ambacho kampuni ya bima inapeleka serikalini kuthibitisha kwamba unayo. Majimbo mengi unakaa nacho kama miaka mitatu, ukichelewa kulipa kidogo kampuni inakuchoma na leseni inafungiwa upya. Na bima yenyewe inapanda kichaa. Wewe umenuswa mara mbili tu unalia.

MtotoWaKirumba: tulikuwa Igoma, Marekani tumefikaje

Nyamagana_Kwanza: Afadhali pua kuliko tochi. Mimi juzi nimepigwa tochi ya trafiki nakwenda 54 kwenye 50, jamaa kajificha nyuma ya mti wa mwembe, 30,000 imeondoka naiona. Na mbele yangu Hiace imepita kama mshale wala hawajaigusa!!

FundiBampa: Hiace ina mwenyewe

Nyamagana_Kwanza: Ndo hapo sasa

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada, alininusa MBELE YA WATU

MamaKulwa_Nyegezi: Tumeshasikia baba. Mimi nina langu, fundi wa gereji fulani (mnamjua huyo, mfupi, ana radio) nimemwachia gari Ijumaa abadilishe plagi, Jumatatu nachukua, betri yangu mpya imegeuka ya zamani! Ina kutu! Namuuliza ananiambia "mama betri zinazeeka haraka siku za joto."

DagaaMchele: 😂😂 huyo nilimwachia tairi la spea, nikarudishiwa la pikipiki

Nyamagana_Kwanza: Anzisheni uzi wake, huyo anastahili

MtotoWaKirumba: Samahani naulizia, sato leo Mwaloni anakwendaje?

DagaaMchele: Mdogo mdogo tu leo, na bei imechangamka. Nenda alfajiri

Mleta mada: Kwa hiyo hakuna anayejali?

FundiBampa: Mkuu tunajali. By the way nauza bampa ya mbele ya Probox, nyeupe, imenyooshwa, kama inanuka dagaa hivi ila kwa mbali

Mleta mada: Hiyo ni YANGU.

MamaKulwa_Nyegezi: Nitumie bei inbox. Na huyo sato, umesema alfajiri saa ngapi?