Naomba ushauri: mkunga kaitwa Baraza, patografu ina pengo la saa tatu

Habari zenu wakuu. Muuguzi mkunga kapata wito wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mtoto alizaliwa amechoka, yaani hapumui vizuri. Kwenye patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua), mapigo ya moyo wa mtoto, yanayotakiwa kuandikwa kila nusu saa, hayapo kuanzia saa 8 usiku hadi saa 11 alfajiri. Ripoti ya zamu inaonyesha alikuwa peke yake na wajawazito watano wenye uchungu. Nimemsihi asiongeze hata nukta moja: kughushi kumbukumbu ni kosa zito kuliko pengo lenyewe. Tatizo, alishamwandikia mwajiri maelezo ya kukiri uzembe kabla hajaliona faili. Je, maelezo hayo yatambana mbele ya Baraza? Na aombeje nakala ya faili, na shauri liahirishwe apate wakili?